Vinyonga wa Esther na Isale la Thomasi

Thomasi Sumari hakuwa na kawaida ya kumsalimia dada yake asubuhi. Alikuwa akisimama upande wa pili wa zizi, anabwia ugoro, anatema mate kuelekea kwenye vizimba, kisha anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Wapwa zangu wameamkaje leo?"

Esther aliendelea kuchovya brashi ya chokaa kwenye ndoo ya maji na kuyakung'utia matawi ndani ya kizimba, tone kwa tone, kwa sababu kinyonga hanywi maji ya bakulini. Hunywa kinachoning'inia kwenye jani. Jambo hilo alilijua tangu akiwa msichana, na halikuwa limemletea heri yoyote.

Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyerudi kwao kutoka kwa mume huko Moshono bila mtoto mgongoni. Mume alikuwa ametafuta sababu ya kumwondoa kwa muda mrefu, na siku alipomkuta kinyonga kwenye pazia la dirisha la sebuleni, sababu ilikuwa imepatikana. Alilibeba sanduku la Esther mwenyewe mpaka barabarani, akalitua, akarudi ndani bila kugeuka. Hata mwaka haukuisha akawa ameoa mwingine.

Shamba la kwao lilikuwa juu ya Maji ya Chai, pale migomba na mibuni inapoanza kupanda kuelekea mlimani. Baba yake, kabla hajafa, aliwaita wazee wa ukoo akawaonyesha kipande chembamba nyuma ya zizi. "Hapa ni pa Esther," alisema. "Asikose pa kusimama." Thomasi, aliyekuwa mrithi wa shamba zima, aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Mbele ya baba yake aliitikia. Baba alipofukiwa, aliacha kuitikia.

Kwenye kipande hicho Esther alijenga vizimba vyake: fremu za mbao zilizofunikwa chandarua kilichochakaa, matawi ndani, na kati ya kizimba na kizimba pazia la gunia. Mapazia hayo ndiyo yaliyowachekesha watu kuliko yote. Walisema amewajengea vinyonga vyumba vya wageni. Lakini kinyonga hawezi kumtazama mwenzake kutwa nzima. Akimwona hupanua mashavu, akawa mweusi kama mkaa, akaacha kula, na baada ya siku chache akafa kwa hasira tu. Esther alifikiri mara nyingi kwamba binadamu wa kwao nao wangefaa kuwekewa magunia.

Hapo mwanzo hakuwa na biashara. Aliwafuga kwa sababu aliwapenda, na mapenzi hayo yalimponza. Mwaka jike wake wa kwanza alipozaa, wanawake wa jirani walikuja kutazama mayai. Hawakukuta mayai. Kinyonga wa mlima ule hatagi, anazaa. Walikuta vitoto vyembamba kama vijiti vya kiberiti vikitambaa juu ya majani, vimeshafumbua macho, kila jicho likitazama upande wake. Nanyori, mke wa Thomasi, alijitemea mate kifuani kujikinga na balaa, akakimbia akipiga kelele. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imeshafika sokoni Maji ya Chai kwamba watoto ambao Esther alinyimwa Moshono wamezaliwa nyuma ya zizi. Wajawazito wakaanza kupita njia nyingine. Jumapili, kwenye benchi alilokaa yeye, hakukaa mwingine.

Huyo ndiye mtu waliyemfanya mchawi, na kosa lake lilikuwa kujua kumnywesha mnyama maji.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Bei ya kahawa ilikuwa imekufa, watu wakawa wanang'oa mibuni iliyopandwa na babu zao na kupanda nyanya, na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Ruksa ilikuja, lakini adabu ya kuitumia haikuja nayo. Pikapu zilianza kupanda mlimani kununua wanyama hai wa kusafirishwa Ulaya: kobe, mijusi, vyura, vinyonga. Watu walewale waliotemea mate vifuani sasa waliingia msituni na ndoo na mifuko ya rambo, wakawapukutisha vinyonga kutoka mitini kwa fimbo ndefu, wakawashindilia kama mahindi. Robo tatu walikufa kabla ya kufika lami. Hakuna aliyeita jambo hilo uchawi, maana lililipa.

Esther alisikia kwamba mjini, Kaloleni, yuko mtu anaitwa Nasri mwenye leseni ya kusafirisha wanyama, ambaye hanunui kwa waokotaji. Alitengeneza kreti la mbao, akaligawa vyumba kwa magunia, akapakia vijana wake waliokua, akapanda gari la mboga alfajiri.

Nasri alikuwa mtu mwembamba, mkavu wa maneno. Alilitazama kreti akacheka kwa pua.

"Umewajengea gesti?"

"Wakionana wanakasirika. Wakikasirika hawali. Wasipokula watakufia wewe, siyo mimi."

"Wa msituni hawa."

"Wamezaliwa kwangu."

"Kila anayeingia hapa anasema wamezaliwa kwake. Juzi kaja bwana mmoja na kobe mkubwa kama sinia la pilau, ananiambia kazaliwa kwake mwezi uliopita."

Nasri akaingiza mkono kwenye chumba cha kwanza na kusubiri. Wa msituni angefoka, angefungua mdomo, angeuma. Huyu alikigeuza kijicho kimoja, akaupima ule mkono, akaupanda taratibu kidole kwa kidole kama tawi alilolizoea. Nasri alijaribu wa pili, akajaribu wa tatu.

"Sikiliza, dada," alisema mwishoni. "Mimi natia sahihi kwamba hawa ni wa kufugwa. Ukiniongopea, mwongo ninakuwa mimi. Siku nikikuta wa msituni ndani ya kreti lako, au aliyechezewa, usije kunieleza habari za shetani. Hutauza tena hapa, na mji huu hauna mwingine anayetaka wa kufugwa. Wengine wote wanazoa."

"Sawa."

"Usiseme sawa haraka."

"Nimekwisha sema."

Hivyo ndivyo Esther alivyopata mnunuzi mmoja kwa neno moja, na nje ya neno hilo hakuwa na kitu. Alilishika. Mara mbili watu wa jirani, wenye haya ya ghafla, walimletea kwa siri vinyonga wa msituni, wakinong'ona "dada Esther" kana kwamba hawajawahi kumwita jina jingine. Aliwarudisha na ndoo zao.

Vizimba vikaongezeka. Mama yake, aliyekuwa akilala chini ya paa linalovuja, akaezekewa mabati mapya. Nanyori alisimama uani siku hiyo akitazama mafundi, mikono kiunoni. "Mabati ya kinyonga," alisema. "Mvua ikinyesha tutaona yatageuka rangi gani." Lakini jioni ile alimwambia mumewe maneno mengine, na asubuhi Thomasi alikuja zizini bila kuuliza habari za wapwa zake.

"Esther, hili shamba ni la nani?"

"La baba."

"Baba yuko wapi?"

"Unajua alipo, kaka. Ulimfukia."

"Basi ni langu. Vizimba vimekaa juu ya ardhi yangu, hewa wanayovuta ni ya migomba yangu. Tunagawana nusu kwa nusu."

"Hujawahi hata kumgusa mmoja."

"Mwenye shamba hagusi samadi, na mavuno anakula."

"Hapana," alisema Esther, akachovya brashi yake. Thomasi akasonya, akaondoka. Aliyekataliwa kwa neno moja na mwanamke aliyerudishwa kwao huona ametukanwa.

Mwaka huo majike karibu wote walikuwa na mimba wakati shangazi yao aliyeolewa Machame alipofariki. Wa kwenda kuwakilisha nyumba alikuwa Thomasi, mtoto mkubwa wa kiume. Thomasi alishika kiuno akasema mgongo unamuuma. Esther akaenda. Aliwanywesha wanyama kabla ya kuondoka, akawatilia panzi wa kutosha, akamwomba mama yake apite na brashi asubuhi na jioni.

Aliporudi kutoka msibani alijua kabla ya kufika. Magunia yalikuwa yameondolewa. Milango ya vizimba ilikuwa wazi, na juu ya matawi palikuwa na madoa ya kahawia. Chini ya kizimba cha mwisho alilala jike mmoja, tumbo limejaa, mdomo wazi, ute wa kahawia umekauka kwenye ulimi. Esther alimnusa. Ulikuwa ugoro.

Alimkuta kaka yake ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake, kiuno kimepona.

"Kaka, vinyonga wangu wako wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Wako wapi?"

"Marahaba. Wameenda mjini."

"Nani kawapeleka?"

"Mimi. Si biashara ya nyumba hii? Nikamwambia yule Nasri wako kwamba dada kanituma. Kreti lilikuwa na nafasi, nikaongeza wa pale ukingo wa msitu. Kinyonga ni kinyonga."

"Uliwatoaje kizimbani?"

Thomasi akatazama pembeni. Nanyori ndiye aliyejibu kutoka jikoni, huku akicheka. "Mwulize! Mmoja alipanda kwenye kijiti akamkodolea jicho, kaka yako nusura akimbie mpaka Tengeru!"

"Nyamaza wewe!" Thomasi alifoka. Kisha akageuka kwa Esther, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayefundisha. "Niliwapaka ugoro kidogo mdomoni, kwenye ncha ya kijiti. Wanalewa, wanaachia tawi, unawasukumia kwenye boksi. Wakipigwa na upepo wa barabarani wanazinduka."

"Hawazinduki."

"Mimi nabwia kutwa. Nimekufa?"

Vijana wote wa mlima ule walijua mchezo wa kumpaka kinyonga ugoro ili abadilike rangi na kudondoka. Walikuwa wakiufanya njiani kutoka shule, wakacheka, wakaenda zao. Kwa kuwa walikwenda zao, hakuna aliyewahi kubaki kuona kama anaamka. Thomasi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na mpaka siku ile aliamini kwamba wanaamka.

Esther alikwenda mjini kesho yake. Kreti lake lilikuwa nje ya geti la Nasri, limefunikwa kwa kipande cha bati, na nzi walikuwa wamelizunguka. Nasri hakumkaribisha ndani.

"Funua."

Alifunua. Walikuwa wamelundikwa pamoja, wa kwake na wa msituni, weusi tupu, midomo wazi. Majike wake wengine wote wa mimba walikuwa mle.

"Nimelihifadhi ili ulione mwenyewe," alisema Nasri. "Mkaguzi wa wanyamapori alikuwa amekaa pale kwenye kiti wakati lilipofunguliwa. Umeelewa? Mbele ya mkaguzi. Haya, nijibu kitu kimoja. Yule aliyelileta ni mjumbe wako au ni mwizi wako?"

"Ni kaka yangu."

"Sikuuliza ukoo."

Esther akarudishia bati juu ya kreti. Nasri alingoja, kisha akashika geti. "Kama ni mjumbe wako, tumemalizana. Kama ni mwizi, kaseme kwenu, hadharani, mbele ya watu wanaomjua. Mtu anayemwita mwizi hapa Kaloleni, akifika kwao anamwita kaka, mimi simwamini. Na nitaulizia. Nina watu Maji ya Chai." Akafunga geti.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kumtaja Thomasi lilikuwa neno fupi, lakini mwenye kulisema ni mwanamke asiye na mume wala mtoto, mwenye kipande cha ardhi kwa hisani ya marehemu. Kutomtaja kulimaanisha jina lake limekufa ndani ya kreti lile pamoja na majike. Mama yake alianza kulia kabla hajaambiwa lolote.

"Usimtaje mwenzio, mwanangu. Ni yeye atakayenizika."

"Na mimi nani atanizika, mama?"

"Wewe ni mwanamke. Utazikwa tu."

Thomasi naye hakukaa bure. Alijua kitu kimoja ambacho kingemziba dada yake mdomo. Kwa watu wa mlima ule, aliyekosa akimpelekea aliyekosewa jani la isale, mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani, kesi imekwisha. Isale halikataliwi, na likishapokewa jambo lile halitamkwi tena na yeyote, mpaka kaburini. Ni desturi njema. Imezuia damu nyingi. Ndiyo maana inauma kuona mtu anaitumia kama kufuli.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, na hakuja peke yake. Mbele alitangulia baba yao mdogo, mzee Frederick, mzee wa kanisa na wa ukoo, ameshika shina zima la isale lililokatwa kwenye ua na majani yake mabichi. Nyuma walikuja wanaume wa ukoo na wake zao, na majirani ambao hawakuitwa. Mama alisimama chini ya mabati yake mapya, ameshika shavu.

"Binti yangu," alisema mzee Frederick, "kaka yako amekuja na isale. Pokea."

"Shikamoo, baba mdogo. Amekuja kwa kosa gani?"

Minong'ono ikapita. Mzee Frederick akakunja uso. "Isale halihojiwi."

"Silihoji. Nauliza kosa. Mtu huomba radhi kwa kitu."

"Nimekosa," alisema Thomasi upesi. "Basi. Nimekosa."

"Umekosa nini, kaka?"

"Nimekosa, nimesema! Unataka nipige magoti kwa ajili ya mijusi?"

"Nataka uwaambie hawa ulichofanya. Ukishakitaja, nitalipokea hapahapa, na sitakitamka tena maisha yangu yote."

Yalikuwa masharti mepesi kuliko aliyostahili. Thomasi aliwatazama watu waliokuja kumshuhudia akisamehewa. Aliona wanangoja. Akaugeuza uso pembeni, akatema mate. "Sina la kutaja kwa mwanamke tasa," alisema.

Mama yake akashusha mkono kutoka shavuni. Hata Nanyori alitazama chini. Esther alisimama wima kwenye kile kipande alichopewa asikose pa kusimama.

"Basi nitalitaja mimi. Kaka yangu ni mwizi. Nilipokuwa kwenye msiba wa shangazi, msiba wa kwenda yeye, aliiba vinyonga wangu wote wakubwa. Aliwaua kwa ugoro kwa sababu anaogopa kuwagusa. Akachanganya na wa msituni, akaenda kuwauza kwa jina langu. Mzoga mmoja uko pale kizimbani, anayetaka akanuse."

Nyuma kule mtu mmoja alicheka. Hakucheka kwa sababu ya wizi, alicheka kwa sababu ya "anaogopa kuwagusa", na wengine wakamfuata. Kicheko kile ndicho ambacho Thomasi hakukisamehe mpaka leo.

Mzee Frederick hakucheka. "Nimekuwa mzee wa ukoo huu tangu hujaolewa," alisema. "Sijaona mtu akikataa isale." Akainama, akaliweka shina lile kizingitini kwa Esther. "Limefika kwako. Kuanzia sasa si letu." Wakaondoka wote, na hakuna aliyemuaga.

Malipo ya neno lile hayakuchelewa. Kanisani benchi lake likazidi kuwa pana. Mama yake alihamia kwa Thomasi, akayaacha mabati yake, na akikutana na bintiye kisimani alimsalimia kama anayemsalimia mgeni. Maziwa ya ng'ombe mmoja aliyekuwa naye Esther hayakununuliwa tena Maji ya Chai. Hakuna aliyesema amesema uongo. Walisema amesema kweli mahali pasipotakiwa, na kwa watu wale hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko wizi.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Thomasi hakukiona. Nyuma ya jiko la mama palikuwa na kizimba kidogo chenye maganda ya ndizi yaliyooza, na Nanyori siku zote alidhani ni mtego wa nzi. Nzi wale walikuwa chakula. Ndani, wembamba kama njiti, rangi ya gome, walikuwa wamekaa watoto wa uzao uliopita. Esther aliwahamishia nyuma ya zizi, akashona mapazia mapya, akaanza upya na brashi yake.

Isale lile hakulipokea na hakulitupa. Lililala kizingitini mpaka majani ya chini yakanyauka. Ndipo alipochukua jembe, akachimba pale kipande chake kinapokutana na mibuni ya Thomasi, akalipanda. Mlima mzima umewekewa mipaka ya masale, na kila mtu anajua maana yake yakiwa ardhini. Thomasi alimwona akishindilia udongo kwa kisigino. Hakuja kuling'oa. Isale likashika.

Vitoto vilichukua karibu mwaka kukua. Nasri hakuwa amemwita, na Esther hakuwa amekwenda kubembeleza. Alikuja mwenyewe, asubuhi moja ya ukungu, akaiacha pikapu njiani na kupanda kwa miguu. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliingiza mkono kwenye kizimba, akangoja, na jike kijana akaupima mkono ule kwa jicho moja kisha akaupanda.

"Nilisikia ulilolisema," alisema Nasri bila kumtazama.

"Nililisema."

"Wakikomaa, lete." Alimrudisha jike kwenye tawi, akafunika pazia. Kisha akatazama kule zizini, ambako Thomasi alikuwa amesimama na kikopo chake cha ugoro, akisikiliza. "Eneo lako linaishia wapi?"

Esther akamwonyesha isale, ambalo sasa lilimfika kiunoni.

"Na ng'ambo ya pale?"

"Ng'ambo ni kwa kaka yangu," alisema Esther, kwa sauti ya kufika zizini. "Huko usinunue kitu."